Je, wajua jinsi nakala zinazofanana zilivyobadili elimu?

Kabla ya katikati ya karne ya 15, kitabu huko Ulaya kiliandikwa kwa mkono. Mwandishi alinakili neno kwa neno kwa miezi, na alipochoka aliruka mstari au alirudia neno. Aliyenakili kutoka kwake alirithi makosa hayo na kuongeza ya kwake. Michoro ndiyo iliyoumia zaidi: mmea wa dawa ukishachorwa upya na watu kadhaa, kila mmoja akimwiga aliyemtangulia, mganga aliweza kushindwa kuutambua porini.

Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, ndiye aliyeanzisha Ulaya uchapaji wa herufi zinazopangika upya, lakini hakuwa wa kwanza duniani kuchapa. Bi Sheng wa China alitengeneza herufi za udongo zinazopangika upya miaka ya 1040, na Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za chuma mwaka 1377. Heshima yao wapewe. Lakini maandishi ya Kichina yana maelfu ya alama, ilhali alfabeti ya Kilatini ina herufi chache, na hapo ndipo kazi ya Gutenberg ilipopata mwanya.

Itazame herufi moja jinsi wachapaji walivyoitengeneza kwa karne nyingi. Fundi aliichonga kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, katika ncha ya kijiti cha chuma kigumu. Akakigonga kwa nyundo juu ya kipande cha shaba, kikaacha alama ya herufi iliyodidimia. Kipande hicho kikawekwa chini ya kalibu ndogo ya mkononi, ikamiminwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Mchanganyiko huo hauhitaji moto mkali na huganda upesi. Kalibu ikifunguliwa, herufi imekwisha kuwa tayari, na ya mia inalingana na ya kwanza. Herufi zilipangwa mistari, zikapakwa wino wa mafuta, maana wino wa maji hauishiki metali vizuri, kisha karatasi ikakandamizwa kwa shinikizo lililofanana na lile la kukamulia zabibu. Ukurasa ukikamilika, herufi zilipanguliwa na kupangwa upya.

Biblia ya Gutenberg ya takriban mwaka 1455, yenye kurasa zaidi ya 1,200, ilitoka nakala kama 180. Kufikia mwaka 1500 mitambo ya kuchapa ilikuwa katika miji zaidi ya 200 ya Ulaya.

Watu husifu wingi huo, na ni haki yao. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi ni kwamba nakala zilifanana. Msomaji wa Paris na wa Krakow waliweza kufungua ukurasa uleule, wakatazama mchoro uleule na kubishana juu yake kwa barua. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha mjini Basel kitabu cha maumbile ya mwili wa binadamu. Galen, tabibu aliyeaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu, alikuwa amesema taya la chini lina mifupa miwili, kwa kuwa alipasua wanyama. Vesalius alionyesha kwamba kwa binadamu ni mmoja, na michoro yake ikafika kwa matabibu wengi bila kuharibiwa na mkono wa mnakili.

Kosa nalo lilienea kwa kasi ileile. Mwaka 1631, Biblia moja iliyochapwa London ilidondosha neno la kukanusha katika amri ya kutozini, ikawa inaamuru watu wazini! Wachapaji walitozwa faini ya pauni 300. Ila kosa la namna hiyo lilikuwa moja, mahali palepale katika nakala zote, kwa hiyo liliweza kutajwa na kusahihishwa katika toleo lililofuata. Makosa ya wanakili yalitawanyika, kila nakala na lake.

Pwani yetu, tenzi zilinakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Edward Steere, mmisionari aliyefika Zanzibar mwaka 1864, aliendesha mtambo wa kuchapa huko, na vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Vitabu vyao vilikuwa vya Kiunguja kwa herufi za Kilatini. Lahaja hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ilisimamia tahajia moja kwa vitabu vya shule vya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar.