“Bomu likikwepa makumbusho, urithi umesalimika”, na maneno mengine ya kukanusha

Vita vinaponukia, wanaovipinga hutaja kwanza watu watakaokufa. Wapo wachache wanaoongeza sababu ya pili: magofu, misikiti, maktaba na makumbusho yatakayoangamia. Hao huchekwa. Nimechukua vita vya Iraki vya 2003, Marekani na Uingereza zilipoivamia nchi hiyo, kwa kuwa karibu kila walichochekewa kilitokea.

Tuanze na neno ambalo wanaocheka hulipenda kuliko yote: silaha za siku hizi hazikosei shabaha, kwa hiyo ukiwapa marubani orodha ya mambo ya kale, kazi imekwisha. Orodha walipewa. Na kweli Makumbusho ya Taifa mjini Baghdad hayakuangukiwa na bomu. Baghdad ilianguka tarehe 9 Aprili, na kati ya tarehe 10 na 12 watu waliingia kwa miguu wakabeba walichoweza. Polisi hawakuwapo, serikali haikuwapo, na jeshi lililouteka mji halikujihesabu kuwa na dhamana ya kuulinda. Mlinzi mmoja aliwaendea askari wa kifaru kilichokuwa jirani akawaomba wasogee langoni. Wakamjibu hawana amri. Vifaru vya ulinzi vilifika tarehe 16. Katikati ya siku hizo Maktaba na Nyaraka za Taifa nayo ilishika moto. Wizara ya Mafuta ilikuwa na walinzi muda wote huo.

Babeli inauma zaidi, maana hapo hapakuwa na mapigano ya kusingizia. Wanajeshi wa Marekani, na baadaye wa Poland, walipiga kambi juu ya magofu hadi mwishoni mwa 2004. Tuseme haki: mwanzoni kuwapo kwao kuliwazuia waporaji. Lakini kambi ina mahitaji yake. Wakachimba mahandaki, wakasawazisha kiwanja cha helikopta, wakajaza mifuko ya kujikingia kwa udongo uliochanganyika na vigae vya kale, na magari mazito yakaponda matofali ya njia ambayo zamani sanamu za miungu zilipitishwa kwa shangwe, njia ya miaka 2,600. John Curtis wa British Museum alilikagua eneo hilo na kuyaandika hayo. Hakuna aliyetumwa kuiharibu Babeli. Zilizoiharibu ni shughuli za kila siku za kambi.

Halafu kuna lile la “nani angejua?” Tarehe 11 Aprili Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mambo kama hayo hutokea, akafanya mzaha kama kweli nchi nzima inaweza kuwa na vyombo vingi kiasi hicho. Mzaha huo sijauzoea hadi leo, kwa sababu waliojua walikuwa wengi. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991, katika ghasia zilizofuata, makumbusho tisa ya mikoani Iraki yaliporwa. Januari 2003 wataalamu, akiwemo McGuire Gibson wa Chuo Kikuu cha Chicago, walikwenda Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, kueleza wasiwasi wao, na waliogopa uporaji kuliko mabomu. Mwezi Machi hata ofisi iliyoandaliwa kuiendesha Iraki baada ya vita iliwapelekea makamanda orodha ya taasisi 16 za kulindwa. Ya kwanza ilikuwa Benki Kuu, ya pili makumbusho. Wizara ya Mafuta ilikuwa ya mwisho. Martin Sullivan, aliyeongoza kamati ya kumshauri Rais wa Marekani kuhusu mali za utamaduni, alijiuzulu mwezi huohuo wa Aprili.

Wengine wanasema uporaji wenyewe ulitiwa chumvi. Hapa ukweli una pande mbili. Habari za kwanza zilitaja vitu 170,000, na hiyo si hesabu ya wizi. Ni ukubwa wa hazina yote. Miezi miwili baadaye ikavuma kwamba vilivyopotea ni 33 tu, watu wakapumua. Nayo haikuwa hesabu, maana ilihusu vitu mashuhuri peke yake. Uchunguzi wa kanali Matthew Bogdanos wa Marekani ulionyesha vitu takriban 15,000, vingi vikiwa vimeibwa ghalani. Humo mlikuwa na karibu mihuri 5,000 ya mawe, midogo, ya kuviringishwa juu ya udongo mbichi, inayoingia mfukoni bila shida. Walioichukua kutoka ghala la chini kabisa walijua pa kwenda. Makabati matupu yaliyopigwa picha yalikuwa matupu kwa sababu nyingine: wafanyakazi walikuwa wameshaondoa vitu zaidi ya 8,000 kwenye maonyesho na kuvificha, wakaapa kutosema viliko. Dhahabu ya Nimrud, vito vya kale vya Waashuru, ilikutwa salama kwenye hazina ya Benki Kuu, chumba kikiwa kimejaa maji.

Sheria je? Mkataba wa The Hague wa 1954 unalinda mali za utamaduni vitani, ila unaacha mlango wa “ulazima wa kijeshi”. Marekani iliuridhia mwaka 2009, Uingereza 2017. Piga hesabu mwenyewe. Wala si wavamizi tu: wapiganaji wa Iraki walijipanga ndani ya uwanja wa makumbusho, na mwaka 1991 serikali ya Saddam iliegesha ndege za kivita karibu na hekalu la mji wa kale wa Ur.

Hoja inayonigusa kweli ni ile ya kwamba anayelilia matofali hajali watu. Lakini tazama nani alikuwa anayatunza. Donny George, bingwa wa makumbusho hayo, alikimbia nchi mwaka 2006 baada ya familia yake kutishwa, akafa ugenini. Wafanyakazi wa ile maktaba iliyoungua waliuawa katika miaka iliyofuata. Sioni mstari unaowatenga na vitabu vyao.

Januari 2020 Donald Trump alitishia kupiga maeneo 52 ya Iran, akisema baadhi ni muhimu kwa utamaduni wa nchi hiyo. Waziri wake wa ulinzi, Mark Esper, akasema jeshi litafuata sheria za vita. Mahame ya Persepolis, mji mkuu wa kale wa Waajemi, yako karibu na Shiraz, mji ambao masimulizi ya Kilwa yanautaja kuwa chimbuko la masultani wake.

Na mwisho, “vitarudi tu”. Vingine vilirudi kweli. Chombo cha Warka, chombo cha kale cha mawe kilichoporwa makumbusho, kilirudishwa Juni 2003 kikiwa vipande kwenye buti la gari. Mwaka 2021 Marekani ilirudisha kibao chenye sehemu ya utenzi wa kale wa Gilgamesh. Cha makumbusho kina namba, kina picha, kinaweza kudaiwa mahakamani. Lakini kusini mwa Iraki, kwenye vilima vya miji ya kale ya Umma na Isin, waporaji walichimba mashimo yaliyosongamana hadi ardhi ikatoboka yote. Walichotoa humo hakijawahi kuandikwa na mtu. Kikiuzwa nje, Iraki haina karatasi ya kuonyesha kwamba kilikuwa chake.