Xeem ya Wahmong si kabila, wala si jina la mume

Xeem, inayotamkwa karibu na "seng" kwa kuwa ile m ya mwisho ni alama ya toni tu, ni ukoo unaofuata kuumeni miongoni mwa Wahmong, watu wenye asili ya milima ya kusini mwa China na Laos, na watu wa xeem moja hawaoani hata kama hawajawahi kuonana. Huko Minnesota, Marekani, walikofikia wakimbizi wengi waliotoka Laos baada ya 1975, koo hizo huhesabiwa kuwa 18, zikiwemo Vang, Yang, Xiong, Moua na Thao.

Wanaoandika "kabila la Vang" wanachanganya mambo, lakini kosa hilo ni dogo kama lile la fomu za Marekani zinazowaita Wahmong "Waasia" tu, pamoja na watu ambao hawajawahi kuijua Ban Vinai, kambi ya wakimbizi wa Kihmong huko Thailand. Linalokera zaidi ni kudhani kwamba xeem ni jina ambalo mke hulipata kwa mume. Mee Moua, aliyeingia Seneti ya Minnesota mwaka 2002, ni Moua kwa baba yake, na ndivyo desturi ilivyo.

Hata hivyo, kubaki na jina si kubaki nyumbani. Bibi harusi anapofika mlangoni kwa mume huzungushiwa jogoo hai juu ya kichwa, na tangu hapo yumo chini ya mizimu ya nyumba ile, wala kwa desturi hawezi tena kufia nyumbani kwa baba yake. Mwanamume huzaliwa ndani ya ukoo moja kwa moja, ilhali mwanamke huhamishwa kwa ndoa. Akiachika, huwa ametoka kwa mume bila kurudishwa kwao, na anayependa wanawake wenzake hana ndoa ya kumhamisha popote. Kwa wanaofuata dini ya jadi (waliobatizwa, nao si wachache, wana hoja zao nyingine), swali zito hapo ni la mazishi: yafanywe katika nyumba ya nani, na mizimu ipi iombwe impokee.

Kwa hiyo anayesema kwamba utamaduni wa Wahmong unawakataa wanawake walioachika au wanaopenda wanawake wenzao angekuwa karibu zaidi na ukweli akisema kwamba utaratibu wa xeem haukuwawekea nafasi, jambo ambalo Wahmong wenyewe wanalijadili, na zipo familia huko Marekani ambazo zimekwisha kuwarudisha mabinti zao walioachika chini ya mizimu ya baba.