"Mpe mafuta, atashika mimba"

Ushauri huu umezagaa kwa wafugaji wa ng'ombe wa nyama, na mara nyingi anayeutoa haulizi kwanza: mafuta yapi, alishwe lini, na ng'ombe mwenyewe ana hali gani?

Nyongeza ya mafuta ni chakula chenye mafuta mengi, kama mbegu za alizeti, soya au pamba, anachopewa ng'ombe juu ya majani yake ya kila siku. Basi.

Tatizo ni kwamba watu wanachanganya mambo mawili. Mafuta yana nishati zaidi ya mara 2 ya wanga, kwa hiyo ng'ombe aliyekonda akilishwa atapata nguvu na huenda akawahi kuingia kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa. Hiyo ni faida ya nishati tu, na mahindi yangeweza kumpa. Wanaotafiti uzazi wanafuatilia kitu kingine: kazi ya mafuta yenyewe, ukishaiweka kando nishati. Mafuta hupandisha kolesteroli kwenye damu, nayo ndiyo malighafi ya projesteroni, homoni inayotunza mimba. Asidi ya linoleiki, aina ya asidi ya mafuta iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida, hutumika kutengeneza prostaglandini, kemikali ya mwili inayofanya kazi kama homoni na inayosaidia mji wa mimba kujirudi baada ya kuzaa. Sawa, lakini prostaglandini hiyohiyo ndiyo inayoua chanzo cha projesteroni kwenye ovari. Kinachomfaa aliyezaa juzi kinaweza kumponza aliyepandishwa wiki mbili zilizopita. Omega-3, asidi nyingine za mafuta zilizomo kwenye mafuta ya samaki, kwa upande wake huelekea kuipunguza prostaglandini hiyo. Sasa ukisema "mafuta" tu, umesema nini?

Tena vijidudu vya rumeni, chumba kikubwa cha tumbo la ng'ombe, hubadilisha sehemu kubwa ya asidi hizo kabla hazijafika utumbo mdogo, na mafuta yakizidi kama asilimia 6 ya chakula kikavu, usagaji wa majani huvurugika. Ndiyo maana majaribio ya kulisha mafuta, kabla au baada ya kuzaa, yametoa majibu yanayopishana.

Kalenda nayo haina huruma. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, kwa hiyo anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 82 hivi za kushika tena. Katika kipimo cha hali ya mwili cha 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenona kupindukia), anapozaa awe walau 5, yaani mbavu mbili za mwisho zisionekane kwa macho. Mtamba wa uzao wa kwanza awe 6.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama unachotaka ni ng'ombe anenepe, sema "mnenepeshe", wala si lazima iwe kwa mafuta. Na umwanze kabla hajazaa, maana akishanyonyesha, chakula cha ziada hukimbilia kwanza kwenye maziwa.