Umehamia Uingereza? Maswali kuhusu kujiandikisha kwa daktari wa familia

Majibu haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

GP ni nani? Kwa nini nisiende hospitali moja kwa moja?
GP ni daktari wa eneo unaloishi. Nyumbani mgonjwa huamua mwenyewe: zahanati, duka la dawa au hospitali kubwa. England mambo mengi huanzia kwa GP. Ndiye anayekupa rufaa ya kumwona bingwa, na ndiye anayekuandikia dawa za kila mwezi. Antibayotiki huuziwi dukani kwa kuomba tu. Basi jiandikishe wiki ya kwanza, ungali mzima. Wengi husubiri hadi vidonge vya presha vinaisha, ndipo wanaanza kutafuta kituo.

Natakiwa kuwa na karatasi gani?
Hakuna inayolazimishwa. Pasipoti, bili ya umeme au mkataba wa nyumba vikiwepo hurahisisha kazi, lakini kuvikosa si sababu ya kukataliwa. Hali ya viza pia si kigezo, na kujiandikisha ni bure. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wanaolala kwa ndugu, wasio na bili yenye jina lao, hukata tamaa wakiwa mlangoni pa mapokezi.

Hatua zenyewe ni zipi?
Tafuta vituo vya karibu kwa postikodi yako kwenye tovuti ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma. Jaza fomu mtandaoni, au omba fomu ya karatasi. Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, na usibadilishe hata herufi moja. Ukiwa Juma Ally Hamisi hapa na Juma Hamisi kule, unaweza kufunguliwa mafaili mawili, na majibu ya vipimo yakaingia lile ambalo daktari wako halioni. Utapewa namba ya NHS yenye tarakimu 10, itunze.

Wakinikataa?
Kituo kinaweza kukataa kwa sababu halali, kwa mfano kimefunga orodha ya wagonjwa wapya au unaishi nje ya eneo lake. Lazima kikueleze sababu kwa maandishi. Iombe kwa upole pale pale. Mara nyingi ombi hilo peke yake humfanya mhudumu aulize wakubwa wake.

Kiingereza changu ni kidogo.
Unapopanga miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hulipi chochote. Tafadhali usimtumie mtoto wako kutafsiri: kuna maswali ya uzazi, damu au huzuni ambayo mama hatayajibu mbele ya mwanawe, na daktari atabaki na nusu ya habari.

Nibebe nini siku ya kwanza?
Kadi ya kliniki ya mtoto yenye chanjo zake, na dawa zote ndani ya pakiti zake. Jina la kibiashara la dawa ya Dar es Salaam au Mombasa huenda halijulikani huku. Jina la kemikali, kama amlodipine au metformin, linajulikana kote. Andika pia miligramu na mara unazomeza kwa siku.

Nitalipa nini?
Kumwona GP ni bure. Kila aina ya dawa kwenye cheti ni pauni 9.90, bei iliyoanza Mei 2024. Hawalipi watoto chini ya miaka 16, wenye miaka 60 na kuendelea, na wajawazito wenye cheti cha msamaha. Mwenye kisukari anayetumia dawa husamehewa akiomba cheti chake. Presha peke yake haimo. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1 ya kuomba msaada wa gharama.

Nikiugua kabla sijaandikishwa?
Piga 111, namba ya ushauri ya NHS, saa yoyote, bure. Hapo pia omba mkalimani. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kupooza ghafla upande mmoja au damu isiyokata: piga 999.