Hukunusurika kwa Sababu Unaomba Sana

Jumapili hii tena. Kipindi cha ushuhuda, ndugu akasimama: matatu imepinduka njia ya Mariakani, abiria wenzake wamekufa, yeye katoka bila mkwaruzo, "kwa sababu mimi huamka saa tisa usiku kuomba." Makofi. Na viti vya nyuma alikaa mama aliyemzika mwanawe juzi tu, kijana ambaye kwa maombi alitushinda sote, wachungaji tukiwamo.

Shukuru, ndugu yangu. Piga vigelegele ukitaka. Ninachokataa ni hiyo "kwa sababu". Ukishaiweka, fadhili za Mungu zimegeuka mshahara, na marehemu wamegeuka watoro wa kazi.

Yesu mwenyewe aliuliza jambo hili hili, Luka 13. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Akasema sivyo. Siongezi neno hapo.

Watu hunijibu kwa Agano la Kale: Israeli walibarikiwa kwa utii. Haya, fungua Kumbukumbu la Torati 9. Wanakatazwa kabisa kusema moyoni kwamba wamepewa nchi kwa haki yao, kisha wanaambiwa ni watu wenye shingo ngumu. Fungua na Zaburi 136, mistari 26, kila mmoja na kiitikio chake kwamba fadhili zake ni za milele. Mstari wa 23 unasema alitukumbuka katika unyonge wetu. Unyonge! Mkesha haukutajwa, fungu la kumi halikutajwa.

Lakini zaburi hiyo hiyo hunikosesha usingizi. Ibadani tunapenda kusoma jua, mwezi na nyota, halafu tunaruka. Mstari wa 10 unamsifu Mungu aliyewapiga wazaliwa wa kwanza wa Misri, na kiitikio ni kile kile. Najua waimbaji walikuwa watumwa waliofunguliwa, na mtumwa huimba akiwa upande wake wa bahari. Najua pia maelezo kuhusu ukaidi wa Farao. Ila mama wa Kimisri, ambaye Farao hakumwomba ushauri, aitikie nini? Nimehubiri miaka mingi na jibu linaloniridhisha sina. Anayedai analo, namwogopa kidogo.

Hapa kwetu Mombasa tuna kaburi la kutufundisha adabu, kule ng'ambo ya Nyali. Mmisionari Ludwig Krapf alifika mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwaka huo huo homa ikamwua Rosine, na binti yao mchanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Baadaye akaendelea na kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Sasa mtu wa "kwa sababu" angemwambia nini? Afunge siku tatu zaidi?

Wodini, jamaa za mgonjwa huniomba Zaburi 91, ile ya elfu kuanguka ubavuni pako. Naisoma, ni neno la Mungu. Ila hutanguliza Zaburi 88, inayolia mwanzo hadi mwisho na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kupoza. Wengine hununa. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kumwombea au kumzika. Wagonjwa wenyewe, mara nyingi, ndio husema nirudie.