Jarida dogo likichelewa: yanayosemwa na yaliyopo

"Kurasa karibu zote ziko tayari, si mchape tu?" Hili nalisikia kila toleo, tena kwa watu wenye nia njema. Shida ni kwamba mashine ya ofseti haichapi ukurasa mmoja mmoja. Inachapa karatasi pana ambayo, ikikunjwa mara tatu, inatoa kurasa 16. Jarida la kurasa 64 ni karatasi nne za namna hiyo. Makala moja ya kurasa tatu ikikosekana, karatasi yake nzima inasimama, na zile nyingine tatu zinakaa kiwandani zikiingoja.

Kosa dogo nalo lina gharama. Chapa ya rangi huhitaji pleti nne (mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino, mweusi ukiwamo) kwa kila upande wa karatasi. Ukigundua jina la mwandishi limekosewa baada ya pleti kutengenezwa, omba Mungu liwe kwenye maandishi meusi matupu, maana hapo utabadilisha pleti moja tu. (Ndiyo maana siku hizi simruhusu msanifu wetu kupaka rangi majina.)

"Nilishalipa mwaka mzima, kwa hiyo pesa mnazo." Hapa msomaji na mhariri hukosea pamoja. Aliyelipia matoleo manne hajatupa faida, ametukopesha; kila toleo likimfikia, deni linapungua robo. Mhariri akiona salio limenona, hulipia toleo la kwanza kwa pesa ya la nne. Zamu ya la nne ikifika, anangoja wasomaji wapya walipie ndipo naye amlipe mchapaji. Sasa jarida limechelewa kwa sababu ambayo hakuna anayetaka kuitaja, na msomaji anayehisi kuna jambo linafichwa hajakosea.

Dhana inayoniudhi zaidi ni yetu wenyewe: tunyamaze, litatoka tu. Nami nimewahi kuifuata. Kwa wiki tatu nilifungua barua pepe, nikaona "Jarida langu liko wapi?", nikafunga. Nilipojibu hatimaye, niliandika "hivi karibuni". Msomaji akarudisha neno moja: "Lini?"

Tangu hapo najibu hivi:

"Toleo la 7 bado halijachapwa. Makala mbili zilichelewa kuhaririwa. Kosa ni letu. Mafaili yanakwenda kiwandani Jumatatu. Ijumaa nitakuandikia tena, liwe limechapwa au la. Ukipenda kurudishiwa pesa ya toleo hili, niambie."

Ninachoahidi hapo ni siku ya kuandika, ambayo iko mikononi mwangu. Siku ya kufika iko mikononi mwa kiwanda na posta, sithubutu kuigusa. Na radhi ni sentensi moja tu. Ukiomba radhi aya nzima, msomaji anajikuta yeye ndiye anayekubembeleza.

Eti anayelalamika anataka kujitoa? Niliowapoteza wengi hawakuandika neno. Mwaka ulipoisha hawakulipia tena, basi.

Halafu kuna ujanja wa toleo maradufu: tumechelewa, tuunganishe la 7 na la 8, tutakuwa tumefidia. Kurasa zikiongezeka kweli, sawa. Lakini jalada lenye namba mbili juu ya kurasa 64 zilezile ni kumpunja mtu aliyelipia majarida mawili.

Kuhamia mtandaoni? Karatasi inaondoka, mwandishi anayechelewesha makala anabaki.

La mwisho ni jibu tunalolipenda sana: "Sisi tulishatuma, ulizia posta." Wakati mwingine ni kweli. Kuna msomaji niliyemjibu hivyo mara mbili, kifua mbele. Alipoandika mara ya tatu ndipo nikafungua orodha ya anwani. Yake ilipungua tarakimu moja, na aliyeingiza orodha ile ni mimi.