Lakrosi: Mchezo wa Wahaudenosaunee Wenye Jina la Kifaransa

Mwaka 2028, jijini Los Angeles, lakrosi itarudi kwenye Michezo ya Olimpiki. Mara ya mwisho kugombewa medali ilikuwa London mwaka 1908. Wengi wetu tutaiona kwa mara ya kwanza, hivyo inafaa tuijue mapema, pamoja na wenyewe.

Timu mbili hushindana kufunga magoli kwa mpira mdogo wa raba ngumu. Kila mchezaji hushika fimbo yenye kijiwavu kichwani, na kwa kijiwavu hicho hudaka, hubeba na kupiga pasi. Akikimbia, huizungusha fimbo kwa viganja, kushoto na kulia bila kukoma, mpira usimdondoke. Kuushika kwa mkono ni kosa.

Mchezo huu ni wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Wacherokee na Wachoctaw wa kusini walicheza kwa fimbo mbili, moja kila mkono. Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji ambao vitabu vingi huwaita Wairokwoi, walitumia moja ndefu ya mti mgumu wa hikori, iliyokunjwa kichwa kwa mvuke na kusukwa kwa kamba za ngozi. Kwao ni mchezo wa Muumba, na huchezwa pia kumwombea mgonjwa afya.

Jambo hilo ndilo lililomshangaza Jean de Brébeuf, padri Mjesuiti kutoka Ufaransa aliyeishi na Wahuron, wenyeji wengine waliocheza mchezo huu, karibu na Maziwa Makuu ya huko. Katika taarifa yake ya mwaka 1636 alieleza, kwa dharau, jinsi mganga anavyoagiza mchezo ili mgonjwa apone. Mchezo wenyewe aliuita "crosse". Wengi husimulia kwamba fimbo ilimkumbusha bakora ya askofu, ambayo kwa Kifaransa nayo huitwa "crosse". Mimi naona kuna maelezo yenye nguvu zaidi: Ufaransa kwenyewe neno hilo lilikuwa likitumika kwa fimbo iliyopinda na kwa michezo ya kupiga mpira kwa fimbo. Padri aliazima neno la nyumbani. Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya Wahaudenosaunee, walikuwa na jina lao, tewaarathon, nalo lingali hai.

Mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, alichapisha kanuni, akaweka wachezaji 12 kila upande na kuleta mpira wa raba mahali pa ule wa ngozi ya kulungu. Kanuni zilieneza mchezo, lakini mwaka 1880 chama cha Kanada kiliwafungia nje ya mashindano ya ubingwa wenyeji waliowafundisha wengine kucheza. Hilo linauma kulisoma hadi leo.

Hapa Afrika, Uganda ilitangulia kucheza kombe la dunia la wanaume, Denver mwaka 2014. Wahaudenosaunee walitwaa shaba katika mashindano hayohayo, wakiwa na bendera yao. Mwaka 2010 walilikosa kombe lililofanyika Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti zilizotolewa na Wahaudenosaunee wenyewe.

Kikwazo cha 2028 ni kingine: Olimpiki hupokea timu kupitia kamati za kitaifa zinazotambuliwa, nao hawana. Naamini wapewe nafasi ya pekee, kwa kuwa mpaka wa Marekani na Kanada ulichorwa juu ya ardhi yao wakati tayari wanacheza.